Mikono Mifukoni

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mpaka leo hakatai. Duka lake la fotokopi lilikuwa limejaa watu, wanasukumana mpaka mlangoni, akaingia mwanamke wa gauni la rangi ya haradali, futi ya fundi inaning'inia shingoni kasahau kuivua. Mwenye duka akawasahau wateja wengine wote.

"Dada, umekuja kunipima?"

"Kwa mwili huo kitambaa kitabaki," fundi cherehani akajibu, akaandika namba yake ya simu kwenye orodha ya kazi na kumpa daftari kuukuu la hesabu. "Nitolee nakala. Taratibu, karatasi zimechoka."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeng'oka. Akaulaza kwenye kioo cha mashine bila kuusoma, akafunua kurasa zilizobaki. Zilikuwa katuni za kalamu ya wino, kazi ya mtoto. Shujaa mwenye kofia kama ndoo aliruka mapaa, akatandika majambazi, akazima moto, na katika picha zote mikono yake imo mifukoni.

Hapo ndipo ujinga ulipompanda kichwani. Akaliinua daftari watu waone. "Jamani, huyu anapigana kwa meno? Aliyemchora hajawahi kuona vidole!"

Duka zima likaangua kicheko. Fundi hakucheka. Alilichukua daftari lake, akalifunga polepole kama afungaye mlango wa chumba alicholala mgonjwa, akatoka.

Ukurasa wa kwanza ukabaki kwenye mashine. Alipougeuza akakuta mwandiko wa kitoto: "Hadithi hii ilianzishwa na kaka mmoja wa darasa la sita. Amehama, amemwacha Bwana Ngurumo ananing'inia kwenye paa. Namshusha mimi."

Bwana Ngurumo alikuwa wake! Alimchora yeye, kwa kuibia chini ya dawati, na mikono ilikaa mifukoni kwa sababu moja tu: vidole vilimshinda. Kisha baba akahamishwa kazi. Huko walikokwenda maisha yalimpiga makofi mpaka akasahau kama aliwahi kushika kalamu kwa raha yake. Hakujua kwamba nyuma kuna mtu anangoja.

Akapiga simu.

"Halo, ni mimi wa fotokopi."

"Yule mchekeshaji?"

"Yule mjinga. Dada, kaka wa darasa la sita ndiye mimi."

Cherehani iliyokuwa ikinguruma upande wa pili ikanyamaza.

"Acha uongo. Ngurumo alikuwa anaogopa nini?"

"Kuku."

"Mama yangu!" Pumzi zikasikika. "Mimi nilikuwa darasa la nne. Daftari lako lilizunguka shule nzima, likanifikia mimi wa mwisho, limeshajaa alama za vidole vya watu. Ulipohama nililia wiki nzima, halafu nikachukua kalamu."

"Sasa mbona hukumtoa mikono? Wewe kuchora unajua."

"Nilidhani ndivyo ulivyotaka. Nikakulindia miaka yote, na wewe ukanifanya kichekesho mbele za watu, kwa kosa lako mwenyewe."

"Nisamehe, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Niletee ukurasa wangu."

Akaupeleka. Kesho yake akapeleka shati lisilo na tatizo likapunguzwe. Keshokutwa hakuwa hata na kisingizio, akaenda hivyo hivyo. Ikawa simu asubuhi, simu mchana, na fundi akamshonea suruali ya kijivu ili, kwa maneno yake, aache kumwaibisha.

Miezi minane baadaye alisimama mbele ya cherehani ile ile, kavaa suruali ya kijivu, jasho linamtoka. Daftari lilikuwa mezani, limebaki ukurasa mmoja mweupe.

"Umalizie wewe," fundi alisema. "Ila safari hii mikono itoke."

"Haitoki. Ngurumo ndivyo alivyo."

"Ndivyo alivyo, au ndivyo ulivyoshindwa?"

"Shujaa wa kweli hana haja ya mikono, mama. Mtu hatoi kila kitu mara moja. Na hadithi ni yangu, niliianza mimi."

"Ukaianza, ukahama. Aliyebaki nayo ni nani?"

"Sawa, lakini mikono…"

"Wewe kaka," fundi akaweka mkasi chini, "suruali hiyo nimeishona mimi, na najua mfuko wake ukiwa mtupu unakaaje. Kuchora vidole hujui, nimekusamehe. Kama na kuvisha pete hujui, sema sasa hivi niendelee na kazi."