Shimo Katika Samli

Majira ya baridi yalipofika kijijini Zuzu, Mama Matonya alitengeneza samli. Mkwewe, Anyesi, aliyeolewa na mwanawe Matonya baada ya mavuno, alitikisa kibuyu cha maziwa tangu alfajiri mpaka siagi ikashikana. Mama Matonya akaiyeyusha motoni, akaichuja, akaimimina katika chungu. Ikajaa hadi ukingoni. Akakifunika kwa ngozi na kukiweka chumbani kwa Anyesi.

Asubuhi alifungua chungu. Samli ilikuwa imeganda. Katikati palikuwa na shimo, kana kwamba mtu alichota kwa vidole.

"Anyesi, ulilamba peke yako, au ulimwita na shoga yako?"

"Sikuigusa, Mama."

"Basi chungu kimejilamba."

Anyesi alitazama chini.

"Kesho Matonya atakurudisha kwa baba yako," alisema Mama Matonya. "Sikai nyumba moja na mwizi."

Mchana akaja Bi Kudra kutoka Dodoma. Alikuwa akinunua samli vijijini na kuwauzia wapishi wa stesheni, tangu Wadachi, wale Wajerumani, walipofikisha reli huko. Akaonyeshwa lile shimo.

"Uliimimina ikiwa ya moto, Mama Matonya?"

"Ya moto, ikitiririka kama maji."

"Basi kisogeze karibu na makaa. Tuketi tukitazame, wala asikiguse mtu."

Wakaketi. Samli ililainika pembeni, kisha ikayeyuka yote. Shimo likatoweka. Polepole samli ikapanda mpaka ukingoni.

"Umetia kitu," alisema Mama Matonya.

"Kwa mkono upi? Yote miwili iko magotini pangu."

Mama Matonya aliitazama mikono hiyo.

"Ni samli ileile," alieleza Bi Kudra. "Ikipata joto huwa kimiminika, hutiririka na kufuata umbo la chombo. Ikipoa huwa kitu kigumu. Hujikaza na kuchukua nafasi ndogo. Pembeni hutangulia kuganda, katikati huchelewa, ndipo panapobonyea. Lakini ukiipima kwenye mizani yangu, uzito haubadiliki."

Anyesi alielekeza kidole kwenye chungu cha maji ya ugali kilichokuwa kikichemka. "Na ule mvuke, Bi Kudra?"

"Ule ni maji, mwanangu, yaliyogeuka kuwa kama hewa. Shika kifuniko juu yake."

Anyesi akafanya hivyo. Matone yakajikusanya chini ya kifuniko, yakadondoka.

"Yamerudi kuwa maji," alisema.

Mama Matonya akakiondoa chungu cha samli kwenye makaa. Jioni alikifunika chungu, lakini safari hii alikilaza chumbani kwake mwenyewe.

Asubuhi akafungua. Shimo lilikuwa palepale pa jana.

"Anyesi," aliita, "njoo umwone mwizi wako. Usiku huu amelala kwangu."

Matonya alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya safari. Mama yake akamwambia avivue, aende malishoni. Kisha akambebesha Anyesi chungu.

"Kirudishe chumbani kwako, mwanangu. Na siagi ya leo utaiyeyusha wewe."