Wimbo Usiofungwa

Kwetu Georgia ya kusini, huku Marekani, ukisema huupendi wimbo wa "Taa ya Barazani" ni kama umesema humpendi mama yako. Mimi naukimbia, na niseme ukweli, naukimbia kwa sababu unaniliza. Wazazi wangu walioana ukipigwa. Baba alizikwa ukipigwa. Ukitokea redioni, watu wazima huegesha pikapu kando ya barabara wakausikiliza mpaka mwisho. Una karibu nusu karne sasa, lakini bendi yoyote ikipanda jukwaani lazima atokee mlevi mmoja kule nyuma apaaze sauti, "Taa ya Barazani!" Na umati wote utamwitikia.

Haya yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, Royce. Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa Julai, kwenye karamu ya kambare ya kuchangia kikosi cha zimamoto. Mimi nilikuwa kwenye sufuria la mafuta, nawagaagaza samaki kwenye unga wa mahindi, jasho likinitiririka mgongoni. Bendi ilikuwa juu ya tela la trekta. Royce, fundi matairi, ndiye aliyeshika gitaa, na tangu utotoni hakutaka kitu duniani ila vidole vyake vicheze kama vya Lamar Tidwell.

Lamar ndiye aliyeutunga wimbo ule, kijana wa hapahapa. Unaanza polepole, mtu anamwomba mama yake asizime taa mpaka arudi. Halafu maneno yanakwisha, gitaa linashika kasi na kupanda, linapanda tu. Kwenye santuri hauna mwisho. Sauti inafifia mpaka unabaki unasikia mkwaruzo wa sindano. Ndiyo maana bendi za kwetu zina desturi moja: anayeupiga lazima aufunge. Mpiga dramu ananyanyua vijiti, wenzake wanamtazama, wanashuka pamoja kwa kishindo kimoja, basi. Hata vijana wanaojifunzia gitaa gerejini wanalijua hilo.

"Leo tunaupiga kama kwenye santuri," Royce alisema wakiwa wanapanga vyombo. "Tunaufifisha tu."

Mzee Odell Purvis, mpiga dramu wao, alikuwemo kwenye chumba cha kurekodia siku ule wimbo uliporekodiwa. Hakucheka. "Funga wimbo, kijana."

"Mzee nawe! Unaogopa santuri itakung'ata?"

"Ule haukuisha. Mafundi waliteremsha sauti wakaenda zao kula. Lamar alikuwa bado anapiga."

Royce alinikonyeza, kama kusema, wazee hawa.

Basi wakaupiga. Jamani, waliupiga! Watu walisimama na sahani zao za karatasi mkononi, wamesahau kula, na mimi nikaunguza samaki sufuria zima. Mwishoni Royce akaanza kupunguza sauti. Mzee Odell akanyanyua vijiti. Royce akamgeukia, akanyoosha mkono wa kulia, akavidaka hewani. Sauti ikafa taratibu, wakabaki nyenje wakilia mitini. Kisha watu wakalipuka kwa shangwe, wengine wakilia machozi. Mzee Odell alifungasha dramu zake akaondoka bila kumuaga mtu.

Royce alikuja kuchukua samaki. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikitembea kwenye ukingo wa sahani.

"Acha mbwembwe, kula," nikamwambia.

"Vimekataa kuacha, dada." Alikuwa anacheka.

Jumatatu hakucheka tena. Alikuwa akiishi kwangu, chumba cha mbele, kwa hiyo niliyaona yote. Ncha za vidole zilichubuka. Nikazifunga bandeji, damu ikapenya. Alipokula, vilicheza. Alipolala, vilicheza juu ya shuka. Gitaa lake lilikuwa limetundikwa ukutani, halijaunganishwa na waya wowote, na nyuzi zake zilikuwa zikitetemeka. Nikaweka kiganja juu yake kuzituliza. Zikatulia. Wimbo ukaendelea ndani ya mfupa wa mkono wangu. Nikauondoa mkono upesi nikatoka nje.

Nilikwenda mbio kwa Mzee Odell. Nilimkuta akimenya njugu za kuchemsha, na wala hakuniuliza nimefuata nini.

"Lamar alitoka chumbani kule anapiga," akasema. "Akaenda kwa mama yake, akaendelea kupiga. Hali, halali. Siku alipoufikia mwisho, walimkuta amesimama ndani ya Mto Flint. Amesimama wima, Verlene, maji yamempita kichwa."

"Na Royce?"

"Ukifika mwisho wenyewe, unaondoka na mpigaji. Tuufunge kabla haujafika. Ni hilo tu."

Siku ya pili yake, jua likiwa la utosi, alipanga dramu zake barazani kwangu. Tulimkalisha Royce kwenye kiti, tukampa gitaa. Midomo yake ilikuwa myeupe. Hakuanza mwanzo. Aliendelea pale vidole vilipokuwa vimefika, na Mzee Odell akamfuata.

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mchungaji wangu. Ulikuwa mzuri. Ile sehemu hakuna mtu aliyewahi kuisikia, na ilikuwa nzuri kupita yote tuliyolilia miaka hiyo yote. Nilimwona baba. Nilimsikia mama akiimba jikoni. Nilitaka kujua unaishaje. Nilitaka sana.

Mzee Odell akanyanyua vijiti. Akavishikilia hewani.

"Piga, mzee," nikanong'ona.

Hakupiga. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Ngoja kidogo," akanong'ona naye. "Nimengoja tangu nikiwa kijana."

"Mzee!"

"Ngoja."

Royce akafumbua macho. "Dada, msiufunge. Nakaribia."

Damu ilidondoka sakafuni. Vidole vilipanda. Vikapanda tena. Pumzi ya Royce ikakatika, kifua kikatulia, na mkono ukaendelea. Kifua kimetulia. Mkono unapiga.

Huyu nilimbeba mgongoni nikiwa msichana mdogo. Nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Nikavinyakua vijiti kwa yule mzee, nikavishusha kwenye toazi kwa nguvu zangu zote.

Mkono ukaanguka. Gitaa likanyamaza. Royce akavuta pumzi kwa kelele, kama mtu aliyeibuka majini, nami nikamkumbatia, nikalia kwa sauti bila aibu. Yuko hai. Nilishika vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa baridi, lakini vimetulia.

Alinitazama kwa uchungu ambao sijausahau. "Ulikuwa umebaki mpigo mmoja," akasema. Akainuka, akaingia chumbani kwake kulala.

Niligeuka kumshukuru Mzee Odell, ingawa hakustahili. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anatazama sakafu ya mbao.

Kulikuwa na nyayo za buti, zimelowa. Zilipanda ngazi. Zilipita kati yangu na dramu, mahali ambapo hakuna mtu aliyepita. Zilisimama nyuma ya kiti cha Royce, jozi moja, ncha zimeelekea mgongo wake. Nikatafuta zinazoshuka, sikuziona. Zilikuwa zimekwenda mlangoni, zikavuka kizingiti, zikamfuata ndani.

"Verlene," Mzee Odell akanong'ona, "nani ameingia na mdogo wako?"

Niliingia. Royce alikuwa amelala fofofo, peke yake, amegeukia ukutani. Amejisogeza ukingoni kabisa mwa kitanda, kama mtu aliyempisha mwenzake. Nilipogusa ile nafasi iliyobaki, shuka lilikuwa limelowa.

Ni miaka sasa. Royce anatengeneza matairi, anakula, anacheka na watu, na hajagusa gitaa tena. Kila asubuhi naanika shuka lake juani. Hajawahi kuniuliza kwa nini, na bado analala ukingoni.