Aliyeingia kwa Jina la Ilias

Ilias alikuwa katikati ya mchezo, jioni, chumbani kwake, pale kompyuta ilipomtoa. Maandishi yakajitokeza kwenye kioo: akaunti yako inatumika kwenye kompyuta nyingine. Hilo peke yake si la kumtoa mtu jasho. Akaunti ya duka la michezo ilikuwa yake, ila aliitumia pamoja na Anouar, ndugu yake wa kunyonya ambaye mama yake Ilias alimnyonyesha, na duka haliruhusu wawili kucheza kwa wakati mmoja. Mmoja akiingia, mwenzake hutolewa. Lakini Anouar alikuwa ameketi papo hapo ubavuni mwake, anakula sambusa, na kompyuta yake mpya iko kwao, imezimwa.

"Umepatia mutu mot de passe?"

"Apana, walahi." Anouar hakumtazama usoni.

Neno hilo la siri walilijua wao wawili tu. Lilikuwa jina la Ilias na la mama yake, Fatouma, kwa sababu hayo hawezi kuyasahau.

Ilias akavaa vifaa vya masikioni, akaingia tena. Upande wa pili mtu akakohoa. Kikohozi kile alikijua, kilikuwa chake mwenyewe, cha tangu utotoni, kinachoishia kwa mluzi kifuani. Na kabla hajavua vile vifaa, harufu ya udi na tope la ziwani ikajaa chumba kizima, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa na hakuna aliyewasha chetezo.

"Toka," sauti ikamwambia, na ilikuwa sauti yake. "Ni zamu yangu."

Sambusa ikamponyoka Anouar. "Ni yeye," akanong'ona.

"Yeye nani?"

"Mutu moja wa Kanyosha. Ndiye alinipatia ile masini mupya. Hakuomba kitu, alitaka tu kucheza kwa compte yako. Akasema mot de passe nisiandike, niseme kwa mudomo. Mi nilizania ni mutu, Ilias!"

Uchungu ulimkaba Ilias kuliko woga. Huyu walinyonya pamoja. Angemwomba kompyuta yake, Ilias angempa na kiti juu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Walikwenda kwa Sheikh Hamimu, mtaa wa pili, mtu anayewasomea waliopagawa. Aliwasomea, akawapulizia maji, kisha akauliza neno lenyewe lilikuwa lipi. Ilias alipolitaja, sheikh akakiweka chini kikombe cha maji. Kila mtoto wa Buyenzi, mtaa wao, anajua kuwa anayetaka kumfunga mtu kwa uchawi huanza kuuliza jina lake na la mama yake.

"Ile neno ya duka utabadilisha hata sasa," sheikh alisema polepole. "Jina la mama yako utabadilishaje? Kimbia kwenu. Ukikuta huyo jini amekaa mahali pako, mama yako ndiye atamufukuza. Akutambue tu, akuite mwanangu."

Walikimbia wote wawili, Anouar akilia njiani na kuapa kuwa atatengeneza alichoharibu, na Ilias, ambaye hakuwa na mwingine wa kumshika mkono, akamwamini tena. Mlango wa kwao ulikuwa umefungwa kwa ndani. Chini yake palinukia udi na tope.

"Mama, fungua! Ni mi, Ilias!"

Ndara za Mama Fatouma zikaburuzika hadi mlangoni, zikasimama. "Ilias yuko hapa anakula. We ni nani?"

Ndani mtu akakohoa, na mluzi ukafuata.

"Mama, ni Anouar!" Anouar akapaza sauti. "Fungua, tafazali!"

"Anouar, mutoto wangu? We haujanidanganyaka. Niambie, huyo uko naye ni nani?"

Ilias akamshika bega. Hapo ile sauti, sauti yake Ilias, ikauliza kwa upole kutoka mezani: "Anouar, mama aliyekuzaa anaitwaka nani vile?"

Anouar aliutoa mkono wa Ilias begani mwake.

"Simujui huyu, mama," akasema. "Usifungue."