Mama Luka, Tazama Midomo

Mwaka 1996, hapa kijijini Rwamgasa, Paskazia, yaani Mama Luka, hakuhitaji saa. Jua likifika utosini, alikuwa ameshafika kwenye duara, yaani shimo la dhahabu la mumewe Mageni. Ugali kichwani, kibuyu cha maziwa mkononi. Mageni alipenda maziwa kuliko dhahabu, labda kwa sababu dhahabu yenyewe hakuwa ameipata.

Siku hiyo Paskazia alikuta makelele. Mashine ya kuvuta maji ilikuwa imewashwa ndani ya duara na moshi ukajaa. Wachimbaji walikuwa wamemvuta Mageni kwa kamba ya kiunoni. Alilegea, hapumui, midomo ya bluu.

"Gesi hiyo! Mnyweshe maziwa yakate sumu!" alisema Makoye, mchimbaji mwenzake Mageni.

Paskazia akazibua kibuyu, akapiga magoti kando ya mumewe.

"Acha!" Ni Nesi Scolastika, akija mbio kutoka senta alikokuwa akipima watoto uzito. "Aliyezimia hanyweshwi kitu. Maziwa yataingia mapafuni."

Akagusa shingo ya Mageni. Mshipa haukupiga.

"Makoye, tafuta gari!"

Akamlaza chali, akaweka viganja katikati ya kifua, akabonyeza kwa nguvu na haraka, mara kumi na tano. Kisha akainua kidevu, akabana pua, akapuliza mdomoni mara mbili. Kifua kikainuka.

"Ubongo unaishi kwa hewa," alisema akibonyeza tena. "Ukiikosa dakika chache tu, unaanza kufa. Mikono yangu inasukuma damu ipeleke hewa kichwani. Mama Luka, usilie. Tazama midomo, uniambie rangi."

"Bluu," alisema Paskazia. "Bado bluu." Mara akapaza sauti: "Mayu! Mama yangu! Inakuwa nyekundu!"

Mageni akakohoa. Gari likafika, wakampeleka hospitali.

Nesi aliwaambia kuwa moshi wa mashine ndio uliomzimisha Mageni, na Makoye hakungoja kuambiwa mara mbili. Wiki hiyohiyo mashine ilihamishiwa juu, nje ya duara. Wachimbaji wote wakafundishwa na Nesi kubonyeza kifua, wakifanya mazoezi kwenye gunia la pamba.

Lakini Paskazia alikuwa na hofu moja. Je, akili ya mumewe imebaki? Siku ya tatu, Mageni alipozinduka vizuri, Nesi alikwenda hospitali kumwona, akamuuliza:

"Mageni, una watoto wangapi?"

Paskazia akatazama midomo ya mumewe.

"Wawili. Luka na Mariana," alijibu Mageni polepole. Akamgeukia mkewe. "Na maziwa yangu je? Mlimpa nani?"

Paskazia alicheka huku machozi yakimtoka. Nesi Scolastika akasogeza kibuyu cha maziwa ambacho Paskazia alikuja nacho asubuhi hiyo.

"Haya, Mama Luka," alisema. "Sasa mpe."