Alikata Kamba ya Mbwa Nikiwa Nawatazama kwa Simu

Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe, kwenye kioo cha simu... Nobert akikata kamba ya mbwa wa mke wake kwa panga.

Mimi nilikuwa jikoni kwangu, Kasese mjini. Wao walikuwa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Kwa wasionijua, naitwa Provia. Nafundisha watu kutuliza mbwa wakali. Walio mbali nawafundisha kwa simu ya video.

Rusi alinitafuta akilia. Mumewe, Nobert, anafanya kazi kwenye kiwanda cha simenti huko Hima, nyumbani ni wikendi tu. Wezi walikuwa wamevuka mpaka na mbuzi wote wa Rusi, ndipo akafuga mbwa, akamwita Afande.

Shida ni kwamba Afande akiona mtu anapita tu, anamrukia kama kichaa. Alishamng'ata jirani yao, Nzanzu, mguuni. Kijiji kikakaa kikao: aking'ata mwingine anauawa, na familia inahama.

Bila mbwa, Rusi halali. Akiwa na mbwa, anafukuzwa.

Tukaanza. Anamfunga mbali na njia, anaunganisha simu na spika ndogo. Mtu akitokea, kabla Afande hajabweka, mimi nasema "geuka". Akigeuka, Rusi anampa kipande cha nyama. Nilisema mimi kwa sababu sauti ya Rusi ilikuwa inatetemeka.

Ikafanya kazi. Afande akaanza kugeuka. Rusi akaanza kucheka.

Nobert sikuwahi kuongea naye. Hata salamu.

Jumamosi moja Rusi aliegemeza simu chini ukutani, akaingia ndani kuchukua nyama. Ndipo Nobert akatokea na panga. Nikamwita. Hakugeuza hata shingo.

Kamba ikakatika. Afande akatoka mbio.

Na njiani alikuwa anakuja Musoki, mke wa Nzanzu, mtoto mgongoni, anakuja kuazima ungo...

Rusi alitoka ndani akimwita Afande kwa nguvu zake zote. Mbwa hakusikia. Nobert amekauka, panga mkononi. Musoki alikuwa anarudi nyuma, mikono ameipeleka mgongoni kumkinga mtoto.

Nikasogeza mdomo kwenye simu, nikalisema lile neno taratibu, kama siku zote.

"Geuka."

Afande akasimama.

Akageuka. Akarudi, akakaa mbele ya simu, pua imejaa kwenye kioo, anangoja nyama.

Nililia, jamani.

Rusi alimgeukia mumewe, akamwambia afungashe arudi Hima. Nobert alikuja kwenye simu.

"Mwalimu, mimi nikifika kwangu, mbwa inanifukuza kwa mulango. Bibi yangu iko inaongea na simu. Mbwa inasikiliza simu. Mimi niko mutu gani hapa? Nilitaka ivuke mupaka, ipotee. Musoki sikumuona."

Nikadhani Rusi atamtetea mwalimu wake. Wapi!

"Hata mimi hainisikii," akasema polepole. "Inasikia wewe tu. Siku simu ikizima, itakula mutu."

Hapo ndipo nilipojua. Kumbe nilikuwa nimemfundisha mbwa, nikawaacha wenyewe nje.

Nikamwomba Nobert achukue ile nyama. Alikataa kwanza. Baadaye akakaa chini, hamtazami mbwa machoni, anamrushia vipande pembeni. Mimi kimya. Mbwa alinguruma mpaka sahani ikaisha, lakini alikula.

Nzanzu alikuja na hasira zake, anataka mbwa auawe leo leo. Musoki, aliyemwona Afande akigeuka, ndiye aliyemzuia. Alisema Rusi na mumewe wajenge ua wa mbao kwanza, mbwa akiwashinda ndipo auawe. Nobert aliujenga mwenyewe. Tangu siku hiyo neno "geuka" wanalisema yeye na Rusi. Mimi naangalia tu, sauti nimezima.

Wiki jana Nobert alinipigia mwenyewe kwa video. Nikamsalimia. Afande, aliyelala miguuni pake, akasikia sauti yangu, akainua kichwa... akamtazama Nobert.

Sijawahi kufurahi kusahauliwa hivyo.

Wewe unayemsaidia mtu kwa simu, uliza kwanza ni nani mwingine anaishi kwenye hiyo nyumba. Anza na huyo.