Moyo Ndani ya Mbaine

Ukungu ulikuwa haujatoka shambani huko Kianjai, Kailemia alipopanda mbaine, yaani mti wa miraa mkongwe kuliko yote. Ulioteshwa na babu wa babu yake. Asubuhi hiyo hata kuku wa jirani, ambao kwa kawaida hawana adabu, walinyamaza.

Alipofika tawi la katikati, aliukumbatia mti ili apumzike. Hapo akasikia.

Du. Du. Kimya. Du-du-du.

Mti ulikuwa unadunda.

Kailemia alishuka upesi kuliko inavyompasa mzee wa kanisa. Mwaka uliopita kaka yake, Mithika, aliupanda mti huohuo akiwa mzima, akaanguka akiwa maiti. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesikia akiitwa.

"Baba Kananu, mbona unahema hivyo?" mkewe Cicily aliuliza.

"Mti unanitaka. Kama ulivyomtaka Mithika."

"Uambie una mke."

Lakini Kailemia hakutaka mzaha. Alimwaga uki, pombe ya asali, kwenye mizizi, kama wazee walivyofanya kumtuliza babu aliyeuotesha mti. Pia mganga alimpa msumari wa kumkinga, naye akaufunga kiunoni kwa uzi. Mti ulikunywa uki wote bila kusema asante. Kesho yake ukadunda tena.

Jumapili, kanisani, matangazo yakiendelea, Kailemia alisikia ile sauti. Du. Kimya. Du-du-du. Hapakuwa na mti karibu. Akaanguka katikati ya tangazo la harambee, na watu wengine wakadhani anakwepa mchango.

Hospitalini, kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kasoro. Picha ya mawimbi ya sauti haikuonyesha vizuri ncha ya moyo. Daktari Gitari akamtuma kwenye kituo kilicho upande wa Kinoru, apigwe picha ya moyo kwa mashine ya MRI.

Huko alipokelewa na Caroline, mpiga picha wa mashine hiyo. Chumba kilikuwa baridi. Mashine ilikuwa na shimo refu jeupe. Kwa maoni ya Kailemia, lilikuwa kaburi lililopakwa rangi nzuri.

"Mzee, una chuma chochote mwilini? Kifaa cha moyo? Funguo?"

"Sina."

Caroline alimpitishia kifaa cha kutafuta chuma. Kikapiga kelele kilipofika kiunoni.

"Na huyu ni nani?"

"Ni... mlinzi wangu."

"Mlinzi wako angeruka humo ndani kama risasi! Hii ni sumaku kubwa, na hailali hata taa zikizimwa. Usinifiche kitu tena, mzee."

Kailemia akafungua uzi, akatoa msumari.

"Itaniunguza?"

"Hapana. Haitumii miale ya eksirei. Itapiga kelele tu. Nitakudunga dawa mkononi ili makovu yaonekane. Figo zako tumeshazipima, ziko sawa. Ukiogopa, bonyeza hiki nije."

Shimo likammeza. Sauti ya Caroline ikaja masikioni, haina mwili: "Vuta pumzi. Toa. Zuia."

Ga-ga-ga-ga! Mashine iligonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Kisha ikanyamaza. Katika kimya hicho, Kailemia akasikia.

Du. Du. Kimya. Du-du-du.

Akalala macho wazi. Mbaine ulikuwa Kianjai. Aliyekuwa akidunda alikuwa yeye mwenyewe. Kila alipoukumbatia mti, alikuwa akisikiliza kifua chake.

Siku ya majibu, Daktari Gitari aliwaonyesha picha. Moyo ulikuwa unacheza kwenye skrini.

"Tazameni hapa kwenye ncha. Msuli umekuwa mnene mno. Na hizi alama nyeupe ni makovu. Ni machache, lakini yanaweza kuvuruga mapigo. Utameza dawa, na tutakufuatilia. Kupanda miti, basi. Kutafuna miraa, basi."

"Hata kidogo?" Kailemia aliuliza.

"Baba Kananu!" Cicily alifoka.

"Ugonjwa huu mara nyingi hurithiwa," daktari aliendelea. "Huenda ndio uliomchukua kaka yako. Watoto wako na wa marehemu lazima wapimwe, hata kama hawaumwi."

Cicily alimshika mumewe mkono. Kananu, binti yao, alikuwa mkimbiaji wa shule yake.

Kailemia hakumwaga tena uki. Alikwenda kwa mjane wa Mithika, akamweleza, na watoto wake wakapelekwa kupimwa. Vijana wa jirani wakawa wanamchumia miraa ya kuuza. Alimeza dawa kila siku, na ile sauti ikaanza kutulia.

Kisha ikawa zamu ya Kananu. Vipimo vya kwanza havikuonyesha ncha ya moyo vizuri, kwa hiyo naye akaingia shimoni. Wazazi wake walikaa nyuma ya dirisha la kioo pamoja na Caroline. Kwenye skrini moyo ulitokea, ukijikunja na kujikunjua kama ngumi.

"Niambie, binti yangu," Kailemia alimnong'oneza Caroline.

"Daktari ndiye atakayethibitisha," Caroline alisema, "lakini ncha yake ni nyembamba, mzee. Sioni kovu. Atapimwa tena baadaye, maana ugonjwa huu unaweza kuanza ukubwani."

Cicily alilia bila sauti. Kailemia aliweka kiganja kwenye skrini, juu ya ule moyo uliokuwa ukicheza.

Kutoka ndani ya lile kaburi jeupe sauti ikaja: "Baba, mkimaliza kunichungulia mseme. Nina njaa."