Maziwa Yasiyotaka Moto

Mwaka ule wa ukame, themanini na nne, Habsa alitoka jua likizama kwenda kununua tangawizi. Aliporudi kwenye kibanda chake cha chai hapo mtaani Bulla Pesa, alimkuta mwanamke asiyemjua amechuchumaa kando ya jiko, kibuyu mapajani.

"Salaam aleikum," mgeni alisema kwa sauti ya chini. "Nasikia unatafuta maziwa."

Nani hakuwa akiyatafuta? Ng'ombe walikuwa wamekufa, ngamia wamepelekwa mbali, na wanaume wa mtaa walikuwa wamechoshwa na strungi, chai kavu isiyo na tone la maziwa. Chai ya Habsa ilikuwa na sifa zake: tangawizi ya kupondwa, iliki, mdalasini, karafuu moja tu, kisha majani na maziwa vichemke pamoja mpaka povu lipande mara tatu. Bila maziwa, yote hayo yalikuwa maji ya moto yenye maringo.

Alifungua kibuyu, akanusa. Harufu ya moshi wa kufukizia kibuyu... maziwa mazito, matamu. Ya ngamia, alijiambia.

"Sitaki pesa, nipe tu majani na sukari," mgeni alisema. "Lakini usichemshe. Ukishatoa sufuria kwa moto, ndio unaweka maziwa. Isione moto kabisa."

Habsa alilijua neno hilo. Nyanya yake kule Kulamawe alishikilia kwamba maziwa yakichemshwa, kiwele kilichoyatoa huungua. Mambo ya wazee. Habsa alikuwa amechemsha maziwa tangu alipoolewa mjini, na hakuwahi kusikia kiwele kikilalamika. Hata hivyo, siku ile alitii.

Dabaso, fundi wa viatu, alimrudishia Habsa kikombe.

"Mama Isnino, hii chai imepoa. Kwani sisi ni wagonjwa?"

Benchi zima likacheka. Habsa aliona haya, na haya ya mpishi ni mbaya kuliko njaa yake.

Jioni ya pili mgeni alileta kibuyu kingine, akarudia onyo lake na kuondoka. Habsa alingoja apotee nyuma ya nyumba za mabati. Kisha akamimina maziwa yote sufuriani na kuchochea makaa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Habsa hakuvunjika guu. Ingekuwa heri.

Kwanza sufuria ilitoa sauti... kama mtu anayekabwa koo.

Halafu harufu. Haikuwa ya tangawizi wala iliki. Ilikuwa ya nywele zinazoungua.

Chai ikapanda mara ya kwanza. Huko nje, mwanamke akapiga yowe.

Ikapanda mara ya pili. Yowe likakaribia.

Ilipopanda mara ya tatu, pazia la gunia liling'olewa mlangoni.

Alikuwa yeye. Shuka lilikuwa limemganda kifuani, na pale lilipobanduka lilitoka na ngozi. Mvuke ulikuwa ukimtoka mwilini. Dabaso aliruka benchi, akatoboa ukuta wa makuti na kukimbia bila viatu, yeye fundi wa viatu.

"Nisamehe, dada," Habsa alinong'ona. "Nilidhani ngamia wako..."

"Nani alikwambia nina ngamia?"

Mkono wa mgeni ulimshika Habsa kooni, ukamgongesha kichwa kwenye nguzo mara moja, mara mbili, mpaka damu ikamwingia machoni. Kitu kikavunjika ndani ya koo lake. Kisha mgeni akamkumbatia, kifua kwa kifua, akambana kwa nguvu, na Habsa akahisi moto ukihama kutoka mwili ule kuja kwake.

"Mtoto wangu alikufa na njaa," mgeni alimwambia sikioni, taratibu. "Maziwa ikabaki. Nilikupa watu wanywe, wewe ukanipika. Sasa chukua."

Majirani walipofika walimkuta Habsa peke yake chini. Kifuani hakuwa na hata lengelenge. Kibuyu kilikuwa kimepasuka na ndani kimejaa vumbi, kama kitu kilichokaa miaka bila kutiwa maziwa.

Walimbeba hadi nyumbani. Sauti yake ilikuwa imekwenda na vidole vile; alijaribu kusimulia, ikatoka pumzi tupu. Asubuhi mtoto wake, Isnino, mwenye miezi minne, alilia njaa, lakini Habsa hakuweza kumpakata kwa maumivu ya mbavu.

"Kamua kidogo kwa kikombe," alisema Batula, mama mkwe wake, mwanamke mpole asiye na baya na mtu. "Mimi nitamnywesha na kijiko."

Habsa alikamua. Alimpenda Batula sana wakati ule, na mtoto zaidi, na akafumba macho apumzike.

Akasikia jiko likipepewa.

"Hii imepoa, mjukuu wangu," Batula alikuwa akibembeleza jikoni. "Ngoja nyanya apashe kidogo."

Habsa alifungua mdomo. Pumzi... pumzi tu. Alijiangusha kutoka kitandani, akajivuta kwa viwiko kwenye sakafu ya udongo, huku mtoto akilia na nyanya akimwimbia. Alikuwa ameshika kizingiti cha jikoni alipohisi joto la kwanza, dogo, chini ya titi la kushoto.